Barua kwa mwanangu anayesoma historia Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM)

Kongwa

Mwanangu,

Hatujambo sote huku. Mjomba wako amenipigia simu akilalamika kwamba umechagua historia, utakula nini ukimaliza? Nimemwambia ajira ni ngumu hata kwa waliosoma uhasibu. Hilo liishie hapo.

Najua huko chuoni wenzako wanakutania kwamba sisi Wagogo, watu wa Dodoma, ni ombaomba. Utani sawa, cheka nao. Ila wapo wanaouamini, wasomi kabisa, wakikuambia nchi yetu ya Ugogo ni kame na watu wake wavivu, basi. Hapo ndipo nataka uwe na la kujibu.

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walichukua ng'ombe na nafaka za Ugogo kulisha askari wao, na vijana wakafanywa wapagazi. Mwaka 1916 Waingereza wakaiteka Dodoma, nao wakataka hivyo hivyo: chakula, mifugo, watu wa kubeba mizigo. Mvua ilipokosa, ghala tupu, zizi tupu, wenye nguvu za kulima hawapo. Ndiyo njaa ya Mtunya, iliyoanza mwishoni mwa vita na kuua maelfu kwa maelfu. Ukame tulikuwa tumeuzoea tangu enzi za mababu. Ng'ombe walikuwa ndiyo akiba yetu ya miaka mibaya. Aliyeondoka na akiba ile hatajwi kwenye utani.

Halafu hao hao Waingereza wakarudi hapa Kongwa mwaka 1947 kulima karanga, kwa matrekta na mamilioni ya pauni, wakati kila mchungaji wa hapa alijua mvua zetu haziaminiki na udongo ukikauka haulimiki. Kufikia mwaka 1951 mradi umekufa. Sijawahi kusikia wao wakiitwa wavivu!

Mwalimu wako asikudanganye kwamba kazi ni kukariri miaka. Uliza nani aliandika, na nani hakuulizwa.

Likizo ukija, kaa na bibi yako. Habari za Mtunya alizisikia kwa mama yake. Mrekodi kwa simu, usimkatize, na kesho yake umuulize tena yale yale, uone kipi kimebadilika. Kisha ulinganishe na vitabu vya chuo. Wakipishana usikimbilie kusema bibi kakosea.

Hela ya matumizi natuma Ijumaa tukishauza alizeti.

Baba yako