Risala ya Klabu ya Wanafunzi wa Kike wa Uandishi wa Habari kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Uhuru wa Vyombo vya Habari, 3 Mei

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Chuo,
Wajumbe wa Bodi, wakufunzi, wazazi na walezi,
Wanachuo wenzetu,

Kwa heshima na taadhima tunakukaribisha chuoni kwetu, na tunakushukuru kwa kukubali mwaliko huu pamoja na majukumu mazito uliyonayo. Msaidizi wako ametunong'oneza kwamba saa saba unatakiwa uwe barabarani, kwa hiyo historia tutaipitia mbio mbio.

Klabu yetu ilianzishwa na wasichana wachache waliovutiwa na mama zetu wa TAMWA, Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1987. Walitoa jarida lao wenyewe na wakapaza sauti bila kuchoka hadi ikapatikana sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998. Sisi bado hatujaleta sheria, lakini mafanikio yetu ni makubwa. Tuna jarida la ukutani linalosomwa na chuo kizima, kwa kuwa limebandikwa kwenye njia ya kwenda bwaloni. Tulishika nafasi ya pili katika mdahalo wa mkoa, kati ya vyuo vyote vilivyofika. Na Serengeti Girls, timu yetu ya taifa, walipoifunga Ufaransa 2-1 kwenye Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17 kule India mwaka 2022, hadi wakafika robo fainali, uchambuzi wetu ulisikilizwa mpaka bweni la wavulana, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Muhula uliopita tulikaa wiki nzima na kalamu mkononi, tukisikiliza taarifa za habari za redio na kupekua magazeti, ili tujue nani anaulizwa nini. Bei ya mbolea ikipanda, anayeeleza sababu ni mwanaume, tena ametajwa kwa cheo. Anayelalamika sokoni ni mwanamke, ametajwa kwa jina moja na idadi ya watoto. Mafuriko yakitokea, mwanamke analia, mwanaume anatoa tathmini. Hata mhandisi wa maji aliyehojiwa siku ya Alhamisi alitambulishwa kwanza kuwa ni mama wa watoto watatu, ndipo akaruhusiwa kusema bomba limepasukia wapi.

Hili si letu peke yetu. Ufuatiliaji wa kimataifa wa vyombo vya habari, unaofanywa kila baada ya miaka mitano, ulikuta mwaka 1995 kwamba katika kila watu 100 wanaosikika au kuonekana kwenye habari, wanawake ni 17. Mwaka 2020 walikuwa 25. Nyongeza ya wanawake wanane kwa robo karne! Na mwaka huo huo wa 1995 ndio uliofanyika mkutano wa Beijing, katibu mkuu wake akiwa mama yetu Gertrude Mongella, ambapo mataifa yalikubaliana juu ya wanawake na vyombo vya habari. Sensa yetu ya mwaka 2022 inasema wanawake ni 51 katika kila Watanzania 100. Wakufunzi wametufundisha yote hayo vizuri, na kwenye mtihani tunayajibu vizuri. Shida inaanzia mlango wa studio.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Sasa tunaomba utege sikio, maana hili ndilo tulilokuitia.

Chuo chetu hakina studio ya mafunzo. Kina jengo la studio. Limepauliwa kwa michango ya wazazi, lina milango, na ukutani lina jiwe la msingi la marumaru lenye jina la mgeni rasmi wetu wa mwanzo kwa herufi za dhahabu. Siku ile tuliahidiwa vifaa vyote ndani ya mwaka huo wa fedha, tukapiga vigelegele. Mwaka wa fedha ukaisha, ukaja mwingine. Mgeni rasmi wa pili alituambia suala hilo amelichukua. Bila shaka analo mpaka leo. Hatuna kinyongo naye hata kidogo, kwa sababu baadaye alituletea fulana, ndizo hizi za njano ulizozisifia wakati unaingia.

Ndani ya jengo kuna mikisa, yaani mtambo wa kuchanganya sauti, ya chaneli nne, mbili ndizo zinazofanya kazi. Kuna maikrofoni moja iliyofungwa mpira wa baiskeli shingoni. Kutani tumegandisha trei za mayai tulizopewa na mama lishe ili sauti isirudi. Nyuma ya ukuta kuna gereji, na fundi akianza kugonga bati, taarifa ya habari inasimama. Mwenzetu mmoja wa mwaka wa pili ameamua kurekodi bwenini, amejifunika blanketi gubigubi, simu mkono mmoja na karatasi mkono wa pili. Akitoka humo jasho linamtiririka na wino umesambaa.

Utajiuliza hili linahusianaje na wasichana, kwani wavulana nao hawana studio. Kifaa kikiwa kimoja na darasa limejaa, anayekifikia ni mwenye kifua. Wavulana wanashika mikisa, sisi tunapewa karatasi. Hatufukuzwi, tunaambiwa kwa upole, "Dada, wewe una sauti nzuri, soma." Tukifika fildi, aliyezoea mitambo anabaki chumba cha matangazo, na mwenye sauti nzuri anapelekwa kwenye kipindi cha salamu. Miaka kumi baadaye ndiye huyo wa mitambo anayekuwa mhariri na kuamua nani ahojiwe kuhusu mbolea.

Lipo na zito zaidi, na tunaomba radhi kwa wazazi waliopo. Kwa kuwa saa za vitendo hazipatikani hapa, tunazitafuta mjini kwa hisani za watu. Hisani nyingine zina bei. Unapangiwa zamu ya usiku peke yako. Unaambiwa utafundishwa mitambo wenzako wakishaondoka. Fomu ya tathmini inakaa mezani haisainiwi mpaka "tuelewane". Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinasema hilo ni kosa, na tumekibandika kwenye jarida la ukutani. Lakini binti anayesubiri saini ili amalize diploma atakisomaje kifungu hicho mbele ya aliyeshika kalamu? Yupo mwenzetu aliyehamia kozi ya uhazili. Ndiye aliyekuwa mtangazaji wetu bora wa mpira.

Kwa sababu hiyo, Mheshimiwa, hatuombi semina. Semina za kujiamini tumehudhuria nyingi na vyeti tunavyo. Tunaomba mikisa ya chaneli kumi na mbili, maikrofoni nne, hedifoni, kompyuta mbili, vizuia mwangwi, na kiyoyozi kimoja, kwa kuwa dirisha la upande wa gereji halifunguliki. Jumla ni shilingi 14,600,000, na ankara kifani kutoka maduka matatu zimo kwenye bahasha uliyopewa. Uongozi wa chuo umeridhia kwamba nusu ya zamu za mitambo zitakuwa za wasichana, na kwamba saa za vitendo zikifanyika hapa, fomu zitasainiwa hapa hapa na mkufunzi.

Mahitaji mengine yapo, kama maji ya bwenini na uzio. Hayo tumeyahifadhi kwa ajili ya mgeni rasmi wa mwakani, tusije tukakuchanganyia mambo.

Ikiwa fungu lote ni zito, tupatie mikisa na maikrofoni, mengine tutachangishana. Na ikiwa haiwezekani kabisa, tutashukuru sana kuambiwa leo, ili tusiendelee kulipangusa vumbi lile jiwe kila tukisikia king'ora.

Katibu wetu atakuletea daftari la wageni. Kurasa mbili za mwanzo zimejazwa na waliokutangulia, wamesifu mandhari ya chuo. Ukurasa wako tumeupigia mistari: ahadi, tarehe, na namba ya simu ya mtu wa kumfuatilia. Kalamu ipo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.