Mwanangu ameuliza, "Mimi ni yupi?"

Shangazi, shikamoo.

Nina miaka 41, nimeolewa, na tuna binti wa miaka 6 tuliyempata kwa kupandikizwa, yaani yai kutungishwa maabara kisha kurudishwa tumboni, baada ya kuhangaika miaka tisa. Mayai yangu 11 yalivunwa, 7 yakatunga, na ilipofika siku ya tano vilikuwa vimebaki viinitete 4, yaani mayai yaliyotunga na kuanza kukua. Kimoja kiliwekwa tumboni mwangu, ndiye huyu anayechora hapa pembeni yangu nikiandika. Vitatu viligandishwa kwenye nitrojeni, nyuzi 196 chini ya sifuri, na huko viko hadi leo.

Sasa kliniki imetuletea fomu. Tuendelee kulipia hifadhi, tuwape wenzi wengine, tuvitoe kwa utafiti, au viyeyushwe viishe. Jibu linatakiwa mwisho wa mwezi. Fomu iko kwenye droo, na kila nikiitoa naishia kuirudisha.

Mume wangu anataka vitolewe kwa utafiti, na hoja yake nzito. Kabla Louise Brown, mtoto wa kwanza duniani kupatikana kwa njia hii, hajazaliwa Uingereza, tarehe 25 Julai 1978, watafiti Robert Edwards, Patrick Steptoe na Jean Purdy walihangaika karibu miaka kumi na wanawake 282. Watoto waliozaliwa hai kutokana na kazi hiyo ni wawili tu. Wanawake wengi kati yao walitobolewa tumbo na kurudi nyumbani mikono mitupu, na elimu iliyopatikana kwao ndiyo iliyonipa mimi mtoto. "Wao walitoa," ananiambia, "sisi tunabana nini?"

Sina la kumjibu. Wala siogopi kwamba vitakuzwa maabara bila mpaka, kwani najua sheria ya Uingereza ya mwaka 1990 iliweka kikomo cha siku 14, na nchi nyingine nazo zikakishika.

Kinachonikwamisha ni picha. Siku ya kupandikizwa tulipewa picha ya viinitete vyote vinne, duara nne za kijivu, nami nikaihifadhi ndani ya kadi yake ya kliniki. Wiki mbili zilizopita mtoto akaiona. Akauliza, "Mimi ni yupi?" Nikamwonyesha. Akaweka kidole kwenye zile nyingine, moja moja. "Na hawa?" Nikajibu, "Hawa wanasubiri."

Kwa nini nilisema wanasubiri, Shangazi? Tangu siku hiyo sina usingizi.

Kuwapa wenzi wengine ndiko moyo unakoelekea. Halafu nawaza mwanangu akipishana njiani na ndugu yake wa damu bila kumjua, narudi nyuma.

Uchungu wangu mkubwa ni kwamba tulianza bila kuulizwa vitakavyobaki tutavifanyia nini. Kwamba mayai huvunwa mengi kwa kuwa si yote hutunga, hilo tulielezwa vizuri. Habari za vya ziada zilikuwa ukurasa wa mwisho, nami nilitia sahihi nikiwa tayari nimevaa gauni la upasuaji. Sikusoma. Nilitaka mtoto, basi. Siwezi kumlaumu daktari peke yake.

Naomba unisaidie, na wasomaji waliopitia haya wanisaidie. Niliyepokea kutoka kwa wale wanawake, nina haki ya kukataa kutoa? Kuongeza miaka ya hifadhi ni kufikiri, au ni kukimbia? Na huyu mtoto nimwambie nini, maana jana usiku ameniuliza wanasubiri nini.

Mama wa mmoja