Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti: injini zipo salama, mipira na plastiki ndo vimetulaza

Ndugu wanachama wa chama chetu cha gari za Kijerumani, habari za siku nyingi. Wa BMW, wa Benz, wa Audi, wa Porsche na nyie wa Golf mnaolalamika kila mkutano kwamba mnasahaulika, wote nawasalimu. Katiba inanitaka nitoe taarifa kila mwaka, na ya mwaka jana mlisema imeandikwa kama barua ya benki, kwaiyo hii naandika tunavyoongea gereji. Hesabu zenyewe mweka hazina atawaletea kwenye karatasi yake, mimi sizigusi.

Wanachama tumeongezeka kidogo, wengi ni vijana, na wanakuja na gari ambazo sisi wa zamani bado tunaziona mpya: BMW M5 E60, Audi S4 B6, Porsche 996 (hizo E60, B6 na 996 ni majina ya kiwanda ya kizazi cha gari). Alafu unakaa unakumbuka hiyo M5 E60 ya V10 imetoka 2005, jamani miaka inakimbia. Karibuni sana, ila mjue mmeingia kwenye chama cha watu wanaoongelea hosi za maji kuliko spidi.

Na hapo ndo niingie kwenye jambo lenyewe la mwaka huu. Nimepitia daftari la safari zetu za pamoja, gari zote zilizobebwa na brekdauni, hamna hata moja iliyobebwa kwa sababu injini imetoboka au krenki imekatika. Zote ni plastiki, mpira au solda. Hawa Wajerumani walitengeneza vyuma vya kukaa, ile injini ya M119 ya kwenye Benz 500E ukiitunza inakuchoka wewe kabla hujaichoka, lakini kile chuma kimezungukwa na vitu vya plastiki ambavyo umri wake ulishaisha zamani, na sisi tunaendelea kujisifia hospawa.

Chukua mfumo wa maji. Kwenye BMW nyingi za miaka ya 90 na mwanzoni mwa 2000 tangi la akiba ni plastiki, shingo ya rejeta plastiki, nyumba ya themostati plastiki, na kuna wota pampu zilifungwa zikiwa na pangaboi la plastiki. Plastiki hiyo inapashwa inapoa, inapashwa inapoa, miaka ishirini, inakauka na kugeuka kahawia, alafu siku moja uko kwenye mlima na watu nyuma tangi linachanika kwenye mshono kuanzia juu mpaka chini, maji yote yapo barabarani. Ndo ilivyomkuta mwenzetu wa BMW E39. Pangaboi nalo lina tabia yake, linaachia kwenye shafti, kwaiyo shafti inazunguka vizuri tu na belti inazunguka vizuri tu na maji hayaendi popote, fundi anakagua belti anakwambia pampu nzima.

Kibaya zaidi ni mshale wa joto. Kwenye E39 na E46 ule mshale umewekewa utulivu makusudi, unakaa katikati hata joto likipanda likishuka, ili dereva wa kawaida asipate presha. Ukiuona umeanza kusogea kwenda kulia ujue umechelewa, hedi ya alumini haisubiri. Wenye E39 wanajua kuna menyu ya siri kwenye dashibodi inayoonyesha nyuzi halisi za maji, jifunzeni kuifungua na muwe mnaichungulia. Na kile kitu cha kubadilisha kimoja kimoja kinachovuja tu, tuache. Pampu, themostati, tangi, kifuniko, hosi za juu na chini, vinabadilishwa pamoja, maana ukiweka pampu mpya kwenye hosi za kale umehamisha ugonjwa tu. Kamati iliagiza seti nzima kwa wanachama waliojiandikisha na ile oda ndo matumizi makubwa kuliko yote kwenye hesabu za mwaka huu, msishtuke mkiona namba. Kwa maoni yangu ndo pesa iliyotumika vizuri kuliko zote tangu nishike hiki kiti.

Umeme sasa. Mwenzetu wa Porsche 944 alihangaika muda mrefu, gari inazima ikipata moto, ikipoa inawaka kama hamna kilichotokea, alishabadilisha pampu ya mafuta na sensa za krenki na alishaanza kuongelea kuiuza. Siku ya gereji ya wazi mzee wetu wa umeme akaichomoa ile rilei ya DME, ile inayolisha kompyuta ya injini na pampu ya mafuta, akafungua kifuniko, akaweka kioo cha kukuzia na tochi kwa pembeni. Tukapanga foleni kuangalia. Kwenye mguu mmoja wa rilei, pale unapotokea kwenye bodi, solda ilikua na duara jembamba sana kama unywele umezungushwa, ukiisukuma kwa ncha ya bisibisi ule mguu unacheza. Ikipata joto chuma kinatanuka, mguu unaachana na solda, gari kwisha habari. Akapiga solda upya pale pale, gari mpaka leo inatembea. Wenye 944 na 911 za miaka ya 80 na 90 wanaijua hii rilei, na bado nusu yao hawana ya akiba kwenye droo ya gari, sijui wanasubiri nini.

Wenye Benz msicheke. W124 ina rilei yake ya kulinda umeme ukizidi, ina fyuzi kichwani, nayo inakufa kwa ugonjwa ule ule wa solda, taa ya ABS inawaka na sailensa, yaani mzunguko wa injini gari ikiwa imesimama, inaanza kupanda na kushuka, mtu anaenda kufungua mfumo mzima wa kuingiza mafuta kwenye injini (KE) kwa ajili ya kidude kinachoingia kiganjani. Na zile za 1992 mpaka 1995 hivi, angalieni waya za injini. Ganda lake likishikwa linamomonyoka, waya zinabaki uchi zinagusana, na hapo usimlaumu fundi wala kompyuta, badilisha hanesi yote, yaani fungu zima la waya.

Haya, mzozo wa ukaguzi. Mnajua mwaka huu kamati ilipitisha kwamba hakuna gari kutoka kwenye safari ya chama bila kukaguliwa siku chache kabla, na mnajua kuna wakuu walininunia. Malalamiko makubwa ni tairi. Mtu ana tairi yenye meno mengi, inang'aa, afu anaambiwa haendi. Ndugu zangu, soma ile namba ya DOT pembeni, tarakimu nne za mwisho, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Ikiandikwa 2309 hiyo tairi imetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2009, hata kama haijatembea imeshakua plastiki, na wewe una gari ya hospawa 400 inayosukuma nyuma. Ikiwa na tarakimu tatu ndo usiniulize kabisa, hiyo ni ya kabla ya 2000. Meno yapo kwa sababu gari yako hutembei nayo, ndo tatizo lenyewe.

La pili ni mafuta ya breki. Yanakunywa unyevu wa hewa kila siku hata gari ikiwa imepaki. DOT 4, hiyo ni aina ya mafuta ya breki, ikiwa mpya kwa kiwango inatakiwa ichemke kuanzia nyuzi 230, ikishakunywa maji kiwango kinashuka mpaka 155, na kwenye mteremko mrefu au siku ya treki (uwanja wa mbio) disiki zinapita hapo bila hata kufikiri, ndo pedali inazama sakafuni. Miaka miwili, unamwaga unaweka mapya. Nimesikia hoja kwamba chama kinaingilia gari za watu. Gari ni yako, ila ukiwa nyuma yangu kwenye msafara breki zako ni jambo langu pia, hilo sitalibadilisha nikiwa mwenyekiti, mkitaka libadilike mna kura.

Timu ya kusindikiza wanunuzi imefanya kazi nzuri kuliko nilivyotegemea. Kijana wetu alitaka S4 B6, ile ya V8 ya lita 4.2, tukaenda naye kuiona, kufika boneti ni ya moto, muuzaji keshaiwasha mapema. Hiyo injini cheni zake za taimingi zipo nyuma upande wa gia boksi, zikianza kulia kazi yake ni kushusha injini, na mlio wenyewe unausikia ikiwashwa baridi tu, sekunde chache alafu unapotea. Tukamwambia muuzaji tunakaa hapa hapa mpaka ipoe. Akakumbuka ana msiba. Tuliporudi siku nyingine asubuhi bila kupiga simu, ikawashwa baridi, ule mlio wa minyororo hata jirani aliusikia. Kijana aliumia siku mbili tatu, sasa ana BMW E46 M3 na ana furaha, japo na hiyo tulilala chini ya gari kabla hajalipa, maana pale nyuma sabufremu, yaani fremu inayobeba ekseli ya nyuma, inapofungwa kwenye bodi bati linapasuka, na VANOS ya S54, yaani kifaa cha kubadilisha taimingi ya valvu kwenye injini ya hiyo M3, ina yale masikio kwenye habu ya kamshafti ya eksozi yanayokatika na kudondokea ndani ya injini. Hii yake sakafu ilikua nzima na habu ilishabadilishwa na risiti zipo. Anayetaka 996 au Boxster ya wakati ule aje tuikate filta ya oili tuone kama kuna vipande vya chuma au plastiki, kabla hajaanza kuota. Mjadala wa beringi ya IMS (shafti ya kati ya injini za hizo Porsche) sitaurudia hapa, tulishaumaliza mpaka usiku wa manane na hakuna aliyebadili msimamo.

Spea. Kiwanda bado kinasaidia, BMW, Mercedes na Porsche wote wana idara zao za gari za zamani na kuna vitu vinazalishwa upya, ila bei inakuja na maumivu. Tulichojifunza ni kufuata aliyetengeneza kile kitu tangu mwanzo: Lemförder kwa mikono ya mbele, Sachs kwa shokapu, Behr kwa rejeta, Mahle, Bosch. Unafungua boksi unakuta nembo ya mtengeneza gari imesagwa kwa grainda, ni kitu kile kile, kimekosa nembo tu. Upande wa pili kuna mzigo wa bushi tulinunua kwa muuzaji mmoja, boksi zuri, stika zinang'aa, kufunga hazikumaliza hata msimu mpira ukaachana na chuma. Sehemu ya pesa imerudi, iliyobaki bado tunaifuatilia, katibu anakumbusha kila wiki. Kuanzia sasa oda ya chama inapita kwa watu wawili kabla ya kulipwa.

Kuna ombi lilikuja la kutumia mfuko wa pamoja kununua chipu ya kuongeza nguvu na tabo kubwa kwa wenye Audi RS4 B5. Kamati imekataa. Ile gari ilitoka kiwandani na hospawa 380 na tabo mbili, anayeona hazitoshi ajilipie, na kabla hajajilipia anionyeshe risiti ya bushi na intakula (vipoza hewa ya tabo) zisizovuja.

Kuendesha tumeendesha, asante Mungu. Safari zetu zilifana, na nawaambia ukweli gari zinazotembea kila wiki ndo zilizosumbua kidogo kuliko zile za kufunikwa turubai. Gari ikikaa sili zinakauka, mafuta yanachacha, disiki zinashika kutu, betri inakufa, alafu mwenyewe anaitoa mara moja kwa mwaka anaipeleka mpaka mstari mwekundu ikiwa bado baridi. Kwenye E46 M3 na M5 E39 wamekuwekea zile taa za machungwa kwenye saa ya mizunguko, zinazima moja moja kadri oili inavyopata joto, subiri zizime. Picha yangu ya mwaka ni 500E na RS2 zimepaki bega kwa bega. Mmoja Benz, mmoja Audi, na zote mbili zimepita mikononi mwa Porsche pale kiwandani kwao Zuffenhausen. Wa Porsche walituringia safari nzima.

Ada: walio nyuma wanajijua, na wale wale ndo wa kwanza kuazima vifaa. Uchaguzi upo kwenye mkutano mkuu, nafasi ya mweka hazina na ya msimamizi wa vifaa zinaachwa wazi, anayetaka aandike jina kwa katibu. Mwakani kamati inapendekeza siku mbili za mafunzo, moja ya kupima valvu za S54 na kuchagua shimu (visahani vya kurekebisha nafasi ya valvu), nyingine ya kupiga solda rilei na moduli, mzee wa umeme amekubali kufundisha akipewa meza yenye mwanga.

Vifaa vya chama vilivyo nje mpaka leo: kifaa cha kufungia kamshafti za S54, kompresa ya springi, na kipima presha cha rejeta. Hicho cha mwisho kina foleni ya watu na aliyenacho tunamjua, akirudishe kabla ya mkutano, na akirudishe na adapta zake zote.