Barua ya wazi kwa wazazi wa Ngamiani: muhogo huu wa nani?

Wanangu,

Asalaam aleikum, na wasioitikia salamu hiyo, hamjambo. Nilikuwepo Jumamosi kwenye kikao cha wazazi kuhusu ushonaji ulioingizwa kwenye masomo ya sekondari yetu, benchi la nyuma. Mliwaka! Mmoja alisema hakumpeleka bintiye sekondari akajifunze kushona. Mwingine akataka serikali ituachie wazazi tuamue yanayofundishwa. Mkuu wa shule wa watu akabaki anakunja na kukunjua karatasi yake, jasho linamtoka. Nilinyamaza kwa sababu ukiwa mzee ukipewa kipaza sauti hukirudishi. Sasa naandika.

Mtaala hauandikwi na mkuu wa shule. Kazi hiyo ni ya Taasisi ya Elimu Tanzania, ambayo ilianzishwa mwaka 1975, na mwenye kauli ya mwisho ni Waziri. Mwaka 2023 rasimu ya mitaala mipya iliwekwa wazi ijadiliwe. Januari 2024 ikaanza kutumika, na mkondo wa amali, yaani wa masomo ya ufundi kama huo ushonaji, ukaingia kidato cha kwanza. Nani kati yetu aliisoma ile rasimu? Mimi sikuisoma. Nilikuwa nauguza goti, lakini macho yalikuwa mazima.

Sisi watu wa Tanga tunajua shule ya kupangiwa inavyokuwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 Wajerumani walifungua hapa hapa shule yao ya serikali. Walihitaji makarani na wakalimani, basi watoto wakafundishwa ya ukarani. Wazee wetu walikuwa wakiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu karne na karne. Wajukuu wakaanza upya na a, e, i, o, u za Kizungu. Kwa hiyo anayesema mzazi naye asikilizwe, simpingi.

Ila kila mtaa ukijitungia mtaala wake, mtoto akihama na babake kwenda Kigoma atakaa darasa gani? Na mtihani wa taifa utatungwa kwa vitabu vya nani? Somo la hesabu waachieni wanaolijua.

Ninachotaka kuwaambia hasa ni kisa changu, na si kizuri. Miaka ya sabini nilikuwa mwalimu kijana, shule moja ya ufukweni upande wa Pangani. Sera ya Elimu ya Kujitegemea, ya shule kufundisha pia kwa kazi za mikono, ilikuwa imekwisha tangazwa tangu 1967, na Mwalimu Nyerere alitaka wanafunzi wenyewe washiriki kupanga kazi za shamba la shule na kuamua mapato yatumike vipi. Juu, maneno yalikuwa mazuri. Chini, tulikuwa sisi. Watoto walilima muhogo, ukavunwa, ukaliwa nyumbani kwa walimu, kwangu mimi nikiwemo. Nilipochelewa kuchota maji nilituma wanafunzi wawili na ndoo, nikaita hilo nalo kujitegemea.

Siku moja akaja mvuvi, kikoi kimelowa, mkono mmoja kashika kamba ya pweza. Hakupiga kelele. Aliniamkia vizuri, kisha akauliza, "Mwalimu, mwanangu analima muhogo wa nani?" Sikuwa na jibu. Juma lililofuata tulianza daftari la mavuno, na muhogo ukaanza kupikwa shuleni. Yule bwana hakuwa amesoma mtaala wowote, na hakubadilisha hata mstari mmoja wa sera.

Ndiyo maana juzi nilisikitika. Mlibishana saa mbili kama ushonaji ni wa watoto wa maskini (hivi nguo za Idi mnashonewa na malaika?), lakini hamkuuliza vyerehani viko vingapi. Mjukuu wangu amenionyesha daftari lake. Kachora cherehani vizuri kabisa, kila kitu kwa jina lake: sindano, gurudumu, pedali ya kukanyagia. Nikamwuliza, umeshakikanyaga? "Bado, bibi. Tunapokezana."

Mwenye kuamua binti huyo ajifunze nini yuko mbali, na ni sawa awe mbali. Mwenye kuamua kama atajifunza kweli yuko hapa. Bodi ya shule ina nafasi za wazazi. Lakini tangu ada ya shule za serikali ifutwe, mzazi akiitwa kikaoni swali lake ni moja: kuna mchango? Akiambiwa hakuna, haji. Juzi mlijaa kwa sababu mlikuwa na hasira, na hasira haitawaleta mara ya pili.

Hapa mtaani kuna mafundi cherehani hodari. Ombeni uongozi wa shule mmoja wao aalikwe darasani siku moja kwa juma. Ulizeni fedha za vifaa zimefika kiasi gani na zimenunua nini, mwonyeshwe stoo. Ulizeni kwa adabu, kama yule mvuvi, maana mwalimu akitukanwa mbele ya wanafunzi wake anafunga mlango wa ofisi na wa moyo.

Kikao kijacho nitakuja na daftari la mjukuu. Niwekeeni kiti chenye mgongo. Benchi lile liliniua kiuno.

Bibi yenu,
mwalimu mstaafu, Ngamiani