Dada, dagaa wako wawekwe mbele

Dada yangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Huku mie mzima, baridi ndo imeanza kuuma. Natumai mguu wa mama umepata nafuu na watoto wamesharudi shule.

Juzi wenzangu wa kazini walinipeleka Venice, ule mji wa Italia. Kule kuna vibaa vidogo vya divai wanaviita bacari, viko vingi karibu na soko la Rialto, jioni watu wanaingia mmoja mmoja, mtu anachukua kiglasi chake afu anachagua vitafunwa kwenye kabati la kioo pale kaunta, wanaviita cicchetti, tonge mbili kimeisha, analipa anahamia kibaa kingine. Wengi wanakula wamesimama. Mama asishtuke, mie nilikunywa maji, na kila kitu niliuliza kwanza maana nguruwe huku anawekwa kwenye vyakula vingi, mwisho nikabaki na samaki tu.

Sasa sikia. Wakaleta sarde in saor. Ni sadini, wamepakwa unga wakakaangwa, juu wamefunikwa na vitunguu vingi vilivyopikwa taratibu mpaka vikalegea, vikatiwa siki, na zabibu kavu na mbegu za msonobari. Hakiliwi siku hiyohiyo, kinalazwa, kesho yake ndo kimekolea, na kinaliwa kimepoa. Zamani mabaharia wao walibeba hicho chakula safarini, siki inazuia samaki asiharibike. Nilivyotia mdomoni nikanyamaza yani, ule uchachu unakata mafuta ya samaki, afu zabibu inakuja nyuma na utamu wake. Wengine wanatia divai, pale niliuliza wakasema siki tu. Na pembeni polenta, dada ule ni ugali! Unga wa mahindi kabisa, mweupe, wanausonga kama dakika 40, ukipoa wanaukata vipande wanauchoma mpaka unakauka kwa nje.

Kilichoniuma ni hiki: kwetu Ujiji mgeni akija tunakimbilia kuku, dagaa tunawaficha jikoni, wakati Dar watu wanawasaka dagaa wa Kigoma na kuwalipia vizuri. Huku samaki mdogo ndo anakaa mbele kwenye kioo ili mgeni amwone.

Naomba ujaribu hapo mgahawani kwako. Chukua dagaa wabichi wanaoshushwa Kibirizi asubuhi, sio wakavu, na usianze kwenye mbalamwezi maana unajua wakati huo hawapatikani na bei inapanda. Kaanga kwa alizeti. Mawese nayapenda kuliko mtu yeyote ila hapa hayafai, yakipoa yanaganda na hiki chakula ni cha kuliwa kimepoa. Vitunguu usivionee huruma, viwe vingi kama samaki wenyewe, moto mdogo, visiungue. Mbegu za msonobari achana nazo, weka karanga. Kiporo cha ugali kikate ukichome mkaani. Weka kwenye visahani vidogo bei ndogo, hata bodaboda apite ale kimoja aendelee na safari, akitaka vitatu achukue vitatu, na kabati la kioo liwe mlangoni, sio nyuma.

Hela ya fundi wa kabati nitatuma mwisho wa mwezi, nipimie urefu wa kaunta uniambie. Na wa kwanza kuonja awe mama, yeye hafichi, akisema siki imezidi punguza.

Mdogo wako