Barua kwa dereva wangu wa Nakuru–Kisumu

Ndugu yangu,

Ijumaa nilikaa kiti cha mbele. Tulipopita Salgaa ukaanza hadithi za marubani wa Vita Vikuu vya Pili: eti ilikuwa dume kwa dume, mwenye ndege yenye mbio na moyo mgumu ndiye mshindi. Nikanyamaza. Ukungu wa Mau Summit ulikuwa umetanda, sikutaka ugeuke kunijibu. Leo umepaki, nisikilize.

Wengi walioangushwa hawakupigana hata kidogo. Adui alitokea nyuma, au juu upande wa jua, akafyatua, akapita. Na muda wa mbwembwe haukuwepo. Spitfire, ndege ya kivita ya Waingereza, ya mwaka 1940 ilibeba bunduki 8 za rashasha mabawani, lakini ukizifyatua mfululizo, risasi zote ziliisha kwa sekunde kama 15. Mjerumani naye, akivuka bahari na ndege yake ya Messerschmitt 109 hadi London, alibaki na mafuta ya kupigana dakika 10 hivi. Akizidisha, anarudi Ufaransa kwa kuogelea.

Zile skafu za hariri kwenye picha zao? Mimi pia nilidhani ni maringo. Kumbe kola zilikuwa zinawachubua shingo, maana kichwa kiligeuka kushoto, kulia, nyuma, safari nzima. Tena Spitfire ilifungwa kioo cha kutazamia nyuma, kama hicho chako ulichokitundikia rozari.

Hapa sasa ndipo ninapokutaka. Waingereza walianza vita wakiruka watatu watatu, wamebanana. Wawili wa pembeni walimkodolea macho kiongozi wasije wakamgonga. Anga ikakosa mtazamaji. Wajerumani, akina rubani Werner Mölders, walikuwa wameshajifunza kwenye vita vya Hispania kuruka wawili wawili, wameachana: mmoja awinde, mwenzake alinde mgongo. Waingereza walizika vijana wengi kabla ya kuiga.

Huyo mwenzake ndiye makanga wako. Naye kuanzia Kericho alilala mdomo wazi, noti zimebanwa vidoleni, hadi karibu na Awasi trekta la miwa likachomoka kushoto na hakuna aliyekupigia bodi. Ulilikwepa, sikatai. Chai yangu ndiyo ilimwagika.

Jumatatu narudi Nakuru. Niwekee kiti kile kile, ila kioo cha kushoto ulichokifunga kwa mpira wa tyubu kirekebishe kwanza. Njia nzima kilikuwa kinanionyesha kiwiko changu.