Kabla ya kuuliza GB ngapi, uliza betri inatokaje

Mhariri,

Vicheza muziki vya mfukoni, kuanzia vile vidogo vya MP3 hadi redio za kadi, vinauzwa Kariakoo na kwenye maduka ya mtandaoni kwa swali moja: "Unataka GB ngapi?" Mteja anataja 16, 32 au 64, anachagua rangi, analipa, anapewa risiti iliyogongwa muhuri kwamba bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Baada ya wiki mbili kifaa kipo mezani kwa fundi. Tunaomba nafasi kwenye safu yako tueleze ni nini hasa cha kuangalia kabla pesa haijatoka mfukoni, maana GB si tatizo.

Hesabu yake ni nyepesi. Wimbo wa MP3 uliobanwa kwa kilobiti 128 kwa sekunde hula karibu megabaiti moja kila dakika. Bongo Fleva ya dakika 4 ni MB 4, taarabu ya dakika 15 ni MB 14 na ushei. Kadi ya GB 32 inabeba nyimbo kama 8,000 za dakika 4, na ukizisikiliza saa 4 kila siku itakuchukua zaidi ya miezi 4 kuzimaliza. Hata zikiwa za kilobiti 320, ambazo sauti yake haijabanwa sana, zinaingia kama 3,300. Wanaohitaji zaidi ya hapo ni wenye mafaili ya FLAC, aina ya faili lisilokata sauti, ambayo wimbo mmoja unaweza kufika MB 25 au 30, na mtu wa namna hiyo kwa kawaida anajijua.

Kinachosumbua ni GB za uongo. Kadi iliyochakachuliwa huwa na GB 4 au 8 tu ndani, ila imepangwa iiambie kompyuta kuwa ni ya 64. Nyimbo 500 za kwanza zinaimba bila wasiwasi. GB za kweli zikishajaa, kinachoingia kinafuta kilichotangulia au kinapotea kabisa, lakini majina ya nyimbo yanabaki kwenye orodha kama kawaida. Ndiyo yale malalamiko ya "nyimbo zipo lakini haziimbi", na lawama inakiangukia kicheza muziki. Ujanja huohuo unafanywa kwenye vifaa vyenye memori ya ndani isiyotoka, na huko hasara ni kubwa zaidi kwa sababu huna cha kubadilisha. Kwa hiyo chukua chenye tundu la kadi, kadi inunue kando, na siku hiyohiyo ipime kwenye kompyuta kwa programu ya H2testw kama ni Windows, au F3 kama ni Linux au Mac. Programu hizi huijaza kadi mpaka ukingoni kisha huisoma upya. Huchukua muda mrefu, wakati mwingine zaidi ya saa nzima, basi patana na muuzaji mapema kwamba ikishindwa unairudisha. Lakini wauzaji nao tusiwaonee: kadi ya GB 32 kuonyesha 29.8 kwenye kompyuta si wizi. Kiwanda kinahesabu kwa elfu, kompyuta inahesabu kwa 1,024.

Kuna na hili la kadi kubwa kukataliwa. Kadi za hadi GB 32 hutoka kiwandani zikiwa na mpangilio wa FAT32, yaani namna kadi inavyohifadhi mafaili, na kuanzia 64 hutoka na exFAT. Vicheza muziki vingi vya bei ya chini vinaelewa FAT32 peke yake, hivyo ukivipa kadi ya 64 vinasema hakuna kadi, au vinaganda kwenye nembo ya kuwaka. Mara nyingi kuifomati kadi, yaani kuipanga upya, kwa FAT32 kunamaliza ugomvi. Tatizo ni kwamba dirisha la kawaida la kufomati kwenye Windows limekuwa likikataa kutoa FAT32 kwa kadi iliyozidi GB 32, itabidi utumie programu nyingine kama Rufus. Ukinunua ya 32 tangu mwanzo unaepuka safari hiyo.

FAT32 hiyohiyo ndiyo inayovuruga mpangilio wa nyimbo. Kifaa cha bei nafuu hakipangi kwa alfabeti, kinasoma kwa mfuatano ambao mafaili yaliingia kwenye kadi. Mtu anaingiza sura za Kurani au mfululizo wa mahubiri vyote kwa mkupuo, kisha anashangaa ya 7 inatangulia ya 2. Yape mafaili majina yanayoanza na 01, 02, 03, halafu yanakili moja moja kwa kufuata namba, au tumia programu ya kupanga upya orodha ya FAT. Usibadilishe kifaa kwa kosa hilo, cha dukani pengine kiko vilevile.

Sasa, nyimbo zako zinatoka wapi? Hili lilipaswa kuwa swali la kwanza la muuzaji. Zikitoka kwenye vibanda vya kuingiza nyimbo, nyingi ni MP3 na kila kifaa kitaziimba. Zikiwa ni mawaidha, kaswida au kwaya zilizorekodiwa kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp, hizo ni Opus, aina nyingine ya faili la sauti, na vicheza muziki vidogo vingi havizijui. Kubadilisha herufi za mwisho za jina zisomeke .mp3 hakusaidii, ni sawa na kubandika lebo ya sukari kwenye kopo la chumvi. Faili lenyewe ligeuzwe, na programu ya VLC ya kompyuta inafanya kazi hiyo bure. Kwa mazungumzo matupu kilobiti 64 zinatosha, saa nzima haifiki MB 30. Na kama muziki wako wote umeupakua ndani ya Boomplay au Spotify, fahamu kwamba mafaili yale yamefungwa na yanafunguka ndani ya programu yake tu. Hutayahamishia kwenye kicheza muziki cha vitufe. Wewe unahitaji kifaa cha Android chenye Wi-Fi, kama Walkman za Sony za mfululizo wa NW-A300, ama ubaki na simu yako.

Tuje kwenye betri, ambako vifaa vingi hufia. Betri ya lithiamu huchoka baada ya kuchajiwa mara mia kadhaa, iwe ya bei kubwa au ndogo. Tofauti inakuja siku ya kuibadilisha. Kwenye kicheza muziki chembamba betri imegundishwa kwa gundi na nyaya zake zimeunganishwa kwa risasi kwenye bodi, na saizi yake huwezi kuipata kirahisi. Redio nyingi za kadi, kwa upande mwingine, zinatumia BL-5C, betri ileile ya simu za zamani za Nokia, ambayo hata duka la vijijini linayo. Fungua mfuniko wa nyuma uone kabla ya kulipa. BL-5C halali huandikwa miliampia-saa (mAh, kipimo cha chaji inayobebwa) 1,000 hivi. Ukikuta imeandikwa 2,800, hiyo namba ni ya kuuzia, mwili ule mdogo hauwezi kubeba chaji hiyo. Vilevile betri za duara za 18650, zenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa 65: nzuri ziko kwenye 2,000 hadi 3,500, na ile iliyoandikwa 9,900 mara nyingi ni nyepesi mkononi kuliko wenzake, ambayo ni dalili tosha.

Muda wa kudumu unaupata kwa kugawanya. Redio ya spika ikivuta miliampia 250 sauti ikiwa juu, betri ya 1,000 itakwenda saa 4, na maneno "saa 20" kwenye boksi yalipimwa sauti ikiwa chini kabisa, kama yalipimwa. Kicheza muziki cha hedifoni kinavuta kidogo sana, ndiyo maana kibetri chake cha ukubwa wa stempu kinamaliza siku. Kifaa kisichotumika kisiachwe kikiwa tupu, kiache na nusu ya chaji, kwani betri ikishuka kupita kiasi mfumo wake wa kinga unaifunga na chaja haiamshi tena. Kupima betri iliyotumika, ilaze mezani uizungushe kwa kidole: yenye afya inasimama mara moja, iliyovimba inazunguka kama pia. Iliyovimba itoe, na usiitoboe.

Tundu la chaji nalo lina mambo yake. Lile la micro-USB limeshikwa na risasi kidogo tu kwenye bodi, na kule kuutikisatikisa waya ili chaji ikubali ndiko kunakoling'oa. Aina ya USB-C ni imara zaidi, lakini kwenye vifaa vya bei rahisi kuna mtego. Viwanda vingine huacha kuweka vipingamizi viwili (vipande vidogo vya kwenye bodi) vya kiloomu 5.1 ambavyo chaja mpya huvitafuta ndipo itoe umeme. Kifaa kinachaji kwa waya wenye kichwa kipana cha zamani upande wa chaja, ila ukitumia waya wenye USB-C pande zote mbili kinakaa kimya kama maiti. Dukani kuna waya wa zamani, kwa hiyo ubovu unaugundua nyumbani. Hakijaharibika, kipe waya wa zamani.

Neno Bluetooth kwenye boksi lisikutie haraka. Redio na spika nyingi zina Bluetooth ya kupokea tu, yaani simu inazirushia muziki. Haziwezi kurusha kwenda kwenye hedifoni zako zisizo na waya. Kama ndicho unachotaka, ziunganishe palepale kaunta usikie sauti, maelezo ya mdomo hayatoshi.

Wanaoletewa mtumba na ndugu walioko nje wana hesabu tofauti. Apple ilitangaza mwisho wa iPod, kicheza muziki chake, tarehe 10 Mei 2022, na ile Classic yenye diski ilikuwa imeshaondolewa sokoni tangu 2014. Bado ni vyombo vizuri, ila nyimbo huingizwa kwa iTunes, programu ya Apple yenyewe, au programu nyingine inayoijua iPod. Ukiburuta mafaili kama kwenye flashi yanakaa tu bila kuonekana kwenye orodha ya nyimbo. iPod touch yenye akaunti ya mwenye nayo wa kwanza usiipokee kabla hajaiondoa, maana kufuli lile halivunjwi na fundi wa kweli. Kifaa kilichouzwa kwa soko la Japani kinaweza kuwa na redio ya FM inayoishia 90 au 95, ugonjwa uleule tunaoujua kwenye magari, na Walkman za soko hilo nyingi hazina lugha nyingine zaidi ya Kijapani. Za Ulaya hutoa onyo ukipandisha sauti, na hilo si ubovu: Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na mtoto 75.

Kuhusu vibandiko vya "Hi-Res", yaani sauti ya ubora wa juu, tuseme bila kuzunguka: kama nyimbo zako ni MP3 za kilobiti 128, kifaa cha laki tano hakitakuimbia kilichokwisha kukatwa. Wimbo wa namna hiyo kwa kawaida umepoteza sauti zote za juu ya kilohezi 16 hivi, na kuugeuza uwe FLAC kunauongezea uzito tu. Pesa hiyo iweke kwenye hedifoni za omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) 16 hadi 32, ambazo kifaa kidogo kinazimudu. Zile za studio za omu 250 zitasikika kama mtu anayeimba chumba cha pili.

Na kuna kitu ambacho wauza vicheza muziki hawatakutajia: kitochi, ile simu ndogo ya vitufe, chenye tundu la kadi na tundu la hedifoni. Kina redio, spika, betri inayotoka kwa kucha, na vipuri vyake viko kila mtaa. Sauti yake ya hedifoni si ya kujivunia, lakini kwa mtu wa shambani au wa bodaboda hatujaona kinachokishinda kwa bei yake.

Ukienda dukani beba kadi yako iliyojaa mafaili yako mwenyewe, ya kila aina unayotumia, pamoja na hedifoni yako. Chomeka, punguza sauti, sikiliza nafasi kati ya wimbo na wimbo: ukisikia mvumo wa shiii, utakuwa nao kila usiku. Zungusha plagi taratibu ndani ya tundu, upande mmoja wa sikio ukikatika, acha. Mwisho peleka rekodi ndefu mpaka dakika ya 10, zima kabisa, washa. Kikirudi mwanzo wa wimbo wa kwanza kitamfaa msikilizaji wa Bongo Fleva, lakini msikilizaji wa mawaidha ya saa mbili ataomba aonyeshwe kingine.

Mafundi wa redio na vifaa vya sauti,
Kariakoo, Dar es Salaam